Doti Zisizokatwa: Historia ya Khanga Zinazolala Sandukuni



Mada ya leo tumeiomba wenyewe. Sisi ni washonaji, tupo Singida mjini, na kila msimu wa harusi ukifika tunaliona jambo lile lile. Mwanamke anakuja kununua khanga mpya, na nyumbani anazo doti ambazo hazijawahi kuguswa na mkasi. Hajazivaa, hajazigawa, hajaziuza. Zipo sandukuni zimekunjwa vile vile zilivyotoka dukani, karatasi ya kiwanda bado imebandikwa kwenye kona. Ukimwuliza atakujibu, "Nitazikata, in shaa Allah." Huyo ana umri wa miaka hamsini na baadhi ya doti hizo alizawadiwa siku ya ndoa yake.

Dada zetu wa visiwani msicheke. Tunajua na huko makabati yamejaa.

Tabia hii haipo kwetu tu. Kuna wanaume Uingereza, Marekani na Japani ambao starehe yao ni kuunganisha ndege na meli ndogo za plastiki. Vipande vinauzwa ndani ya boksi, mtu anagandisha kwa gundi na kupaka rangi mwenyewe. Wengi wao wana maboksi ambayo hawajayafungua, tena mengi kuliko muda walionao wa kuyaunganisha, na wenyewe wanataniana kwa hilo. Tuliposikia habari hii kazini tulicheka, kisha tukatazamana. Maana doti ya khanga nayo haikumalizwa kiwandani. Inauzwa ikiwa vipande viwili vilivyoshikana, inangoja mtu wa kuikata na kuipinda ncha zake. Vitenge na vitambaa vya gauni ni hivyo hivyo.

Lakini tunaona kuna tofauti moja kubwa. Maboksi ya wale mabwana ni burudani tangu mwanzo. Sanduku la mwanamke wa kwetu lilikuwa benki. Kwa hiyo kabla hatujamwita mtu mlimbikizaji, tuanze mbali kidogo.

Wakati kitambaa kilikuwa pesa

Neno doti ni kubwa kwa umri kuliko khanga yenyewe. Katika karne ya 19 doti ilikuwa kipimo. Mkono mmoja ni kutoka kwenye kiwiko hadi ncha ya kidole cha kati. Mikono minne ni shuka moja. Shuka mbili ni doti moja, yaani karibu yadi 4. Hesabu hiyo ndiyo iliyotumika kuanzia Unguja hadi Ujiji. Mtu akikwambia bei ya mbuzi, alikutajia doti au shuka.

Kitambaa chenyewe kilitoka mbali. Mwaka 1833 Sayyid Said, aliyetawala Omani na Zanzibar, alifunga mkataba wa biashara na Marekani. Meli za Salem, mji wa bandari katika jimbo la Massachusetts, zikawa zinakuja Unguja kuchukua pembe za ndovu, gundi ya sandarusi na karafuu, na kushusha kitambaa kizito cha pamba kisichopaushwa. Watu wakakiita kwa jina la kwao kilikotoka: merikani. Kutoka India zilikuja kaniki zilizotiwa nili mpaka zikakaribia weusi, na nguo za rangi kwa wenye uwezo. Mwaka 1861 Wamarekani walipoanza kupigana wenyewe kwa wenyewe, pamba yao ikakwama mpaka 1865, merikani ikaadimika, na wafanyabiashara wa Kihindi wakaijaza nafasi ile kwa kitambaa cha Bombay.

Mzigo ukishashuka Unguja ulifungwa mitumba. Ndiyo, mitumba. Siku hizi tukisema mitumba tunafikiria marobota ya nguo zilizovaliwa Ulaya, lakini zamani mtumba ni furushi la kitambaa kipya lililofungwa vizuri likakaa begani kwa mpagazi. Mitumba hiyo ilivushwa Bagamoyo, ikaanza safari ya kwenda Tabora.

Hapo ndipo mkoa wetu unapoingia. Njia ya misafara ilikatiza Ugogo, kisha ikazama katika pori lililoogopwa kwa ukosefu wa maji lililoitwa Mgunda Mkali. Sehemu kubwa ya pori hilo leo ipo upande wa Manyoni na Itigi, mkoa wa Singida. Kabla ya kuingia porini msafara ulipaswa kulipa hongo kwa watemi wa Ugogo wenye visima na mashamba, na kununua nafaka ya kuwavusha watu. Malipo yote hayo ni kitambaa. Mwaka 1871 Henry Morton Stanley alipokuwa Unguja akijiandaa kumtafuta Livingstone, aliwauliza wazoefu wa njia, akaambiwa msafara wa watu 100 utahitaji doti 10 kila siku kwa ajili ya chakula peke yake. Zidisheni wenyewe: miezi mitatu njiani ni doti 900, na hongo bado haijaguswa.

Sasa fikirieni nyumba iliyouza mtama wake ikapata doti mbili za merikani. Je, ungezikata? Doti nzima inalipa: inanunua mbuzi, inanunua jembe, inatoa mtu kwenye kesi. Ikishashonwa na kuvaliwa imekuwa nguo tu, na nguo inachakaa. Mwenye akili aliikunja akaiweka. Hiyo ndiyo doti ya kwanza isiyokatwa.

Watu wa huku, Wanyaturu, Wanyiramba, Wanyisanzu na Wagogo wa upande wa Manyoni, walikuwa tayari na akiba yao, nayo ni ng'ombe. Mavazi yao mengi yalikuwa ya ngozi. Kitambaa kilipoingia hakikumwondoa ng'ombe kwenye heshima yake, na mpaka leo hakijamwondoa. Uliza familia yoyote inayopanga mahari Ikungi au Iramba. Lakini ng'ombe ana wasemaji wengi. Kuna baba, kuna kaka, kuna ukoo. Doti haina kikao. Iko uvunguni, ufunguo uko shingoni au kwenye fundo la nguo ya mwanamke, na akiamua kuitoa usiku kwa ajili ya mtoto mgonjwa haombi ruhusa ya mtu. Kwa maoni yetu hili ndilo lililoifanya akiba ya kitambaa iwe ya kike, kuliko urembo wenyewe.

Wajerumani walipokuja wakajenga boma Kilimatinde, wakadai kodi, na kodi ilitaka rupia. Reli ya kati ikafika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, ikipitia Manyoni na Itigi, maduka yakajipanga kando ya stesheni. Mpagazi akaisha kazi. Doti ikaacha kuwa pesa mbele ya serikali na mbele ya mwenye duka. Ndani ya nyumba haikuacha.

Tusisahau jambo jingine lililopita njia hiyo hiyo. Uislamu uliwafikia wengi huku kwa miguu ya wale wale wafanyabiashara, wapagazi na askari waliotoka pwani na Tabora. Mwanamke aliyesilimu alihitaji nguo pana ya kujisitiri na nguo safi ya kusimamia swala. Kwa hiyo kitambaa kikapata maana ya pili juu ya ile ya mali. Mpaka leo kuna wanawake huku ambao khanga yao moja haivaliwi jikoni wala shambani, ni ya swala tu, na hiyo angalau imekatwa.

Khanga yenyewe

Kisa cha kuzaliwa kwa khanga ninyi wa visiwani mnakijua kuliko sisi, kwa hiyo tutakipitia haraka. Inasimuliwa kwamba wanawake wa Unguja na Mombasa katika nusu ya pili ya karne ya 19 walikuwa wakinunua leso za mkononi zikiwa bado kwenye jora, sita kwa pamoja. Wakizikata tatu tatu, wakiziunga, inatoka nguo moja pana yenye marembo. Ndiyo maana Mombasa bado wanaiita leso. Baadaye wenye maduka wakaagiza nguo nzima ichapishwe hivyo, na zile za mwanzo zenye madoadoa zikafananishwa na ndege kanga. Duka la Kaderdina Hajee Essak lilifunguliwa Mombasa mwaka 1887, na khanga zake bado zina alama ya "Mali ya Abdulla". Maneno yalipoongezwa yaliandikwa kwanza kwa herufi za Kiarabu, kisha kwa hizi tunazosoma.

Angalieni hapo kitu kimoja. Khanga ilizaliwa na wanawake waliokata na kuunga. Asili yake ni mkasi na sindano.

Na kuna wanawake ambao kwao kuivaa khanga lilikuwa jambo zito. Kaniki ilikuwa nguo ya watumwa na maskini. Utumwa ulipofutwa kisheria Zanzibar mwaka 1897, waliokuwa watumwa waliiacha kaniki wakavaa khanga, mtu akajulikana kwa mavazi yake kwamba sasa ni mwanamke kama wanawake wengine. Hao hawakuzificha sandukuni. Walizivaa zikaonekana.

Katika khanga zote, iliyo karibu na bibi harusi ni kisutu, ile nyekundu, nyeusi na nyeupe ambayo kwa asili haikuwa na maneno. Pwani na visiwani haikosekani kwenye harusi. Huku kwetu mabinti wengi hawaijui kwa jina. Tukiwaonyesha wanasema "ile ya bibi". Tunawaambia ni ya kwenu pia.

Kwa miaka mingi khanga hazikuchapwa Afrika Mashariki. Zilitoka Uingereza, Uholanzi, India na Japani. Tanzania ilipata kiwanda kikubwa cha Urafiki, Dar es Salaam, kilichojengwa kwa msaada wa China na kufunguliwa mwaka 1968, na mwaka huo huo Mwanza ikapata Mwatex. Kwa mara ya kwanza mwanamke wa Singida aliweza kuvaa khanga iliyotokana na pamba ya nchi yake. Mama zetu wanazisifu khanga za Urafiki mpaka leo. Wanasema zilikuwa nzito na ukiifua inazidi kulainika.

Miaka ya foleni

Kama kuna kipindi kilichowafundisha mama zetu kutokata doti, ni hiki.

Bei ya mafuta duniani ilipanda, ukame ukapita, Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika mwaka 1977, na mwishoni mwa 1978 nchi ikaingia vitani na Idi Amin. Vita viliisha mwaka 1979, fedha za kigeni nazo zikawa zimekwisha. Viwanda vikakosa vipuri, dawa za rangi na umeme wa uhakika. Bidhaa zikawa zinagawiwa kupitia Kampuni ya Biashara ya Mkoa, ile watu waliyoiita RTC, kisha maduka ya vijiji na ushirika. Gari la vitenge likisikika linakuja, foleni inapangwa kabla ya alfajiri, watu wanaweka mawe kushika nafasi. Hakuna kuchagua rangi wala maneno. Ukifika dirishani unapewa kilichopo, doti moja, zamu ya mwingine. Wazee wanasimulia kuwa hata sanda ilikuwa ya kutafutwa. Ndugu wanakaa na maiti, wengine wanazunguka kutafuta kitambaa cheupe. Kuna bibi tunaowajua ambao tangu miaka hiyo hawajawahi kulala bila bafta nyeupe sandukuni, wameiweka kwa ajili yao wenyewe, na kila mtoto ameonyeshwa ilipo.

Aliyepata doti katika hali hiyo hakuikata mara moja. Angeikata vipi? Huenda mwakani hakuna. Huenda binti anaolewa. Huenda msiba unakuja. Na doti mpya ilibadilishwa kwa debe la mahindi, kwa sukari, kwa nauli. Miaka sabini baada ya reli, kitambaa kilikuwa pesa tena Singida.

Kisha ikaja Machi 1983. Serikali, Waziri Mkuu akiwa Edward Sokoine, ilianza msako wa wahujumu uchumi. Walengwa walikuwa wafanyabiashara wanaoficha bidhaa, na waliokuwa wakificha kweli walikuwepo. Lakini hofu haikuchagua. Watu walitupa mali usiku, wengine wakafukia, wengine wakatawanya kwa majirani. Mtu mwenye doti nyingi ndani aliogopa kuulizwa amezitoa wapi. Hapo mama zetu walijifunza somo la pili juu ya lile la kwanza: pamoja na kuweka akiba, usionyeshe ulichonacho. Ukitaka kujua kwa nini bibi fulani anafungua sanduku akiwa amefunga mlango, mwaka wenyewe ni huo.

Sokoine alifariki kwa ajali tarehe 12 Aprili 1984. Katika bajeti ya mwaka huo serikali iliruhusu watu wenye fedha zao nje waagize bidhaa bila kuulizwa sana. Huko Zanzibar, Mzee Ali Hassan Mwinyi alikuwa ameshashika urais wa visiwa mapema mwaka huo huo na biashara ikafunguka, watu wa bara wakawa wanavuka bahari kufuata vitambaa na sabuni. Mwezi Novemba 1985 akawa Rais wa Jamhuri ya Muungano, na watu wakampa jina la Mzee Ruksa. Khanga zikarudi madukani. Nyingi sasa zilichapwa India. Mitumba nayo ikaingia, ile ya maana mpya.

Akiba iliyobadilika jina

Tatizo lipo hapa. Sababu iliondoka, tabia ikabaki, na kilichoongezeka ni urahisi wa kununua.

Leo mwanamke hapangi foleni. Khanga zinakuja na basi kutoka Kariakoo, zinatembezwa majumbani kwa mkopo, unalipa kidogo kidogo mpaka mwisho wa mwezi. Kuna mchezo wa doti, kila wiki mmoja anapokea. Kuna sare: harusi moja ina sare ya hina, sare ya akina mama wa upande wa bwana, sare ya akina mama wa upande wa bibi, na ukikataa unaonekana una kijicho. Mwanamke anayeshirikiana vizuri na watu anaweza kupata doti nyingi kwa mwaka bila kuzipenda hata moja. Nyingine ananunua kwa sababu ya maneno tu, akimfikiria mtu fulani, kisha anatulia, anamwogopa Mungu, anaiweka.

Bibi harusi ndiye anayeanza na mzigo mkubwa. Kuna begi kutoka kwa mume, kuna doti za mashangazi na mama wadogo, kuna za marafiki. Tumeshona harusi nyingi, na desturi tunaiheshimu. Kumfunika binti kwa khanga anapotoka kwao ni dua ya vitendo. Lakini tukisema ukweli wa kazini, vitambaa vya begi ndivyo tunavyoletewa vikiwa na umri mkubwa kuliko vyote. Mtu anavileta baada ya watoto watatu, vipimo vya siku ile havipo tena, fasheni imeshapita.

Halafu thamani yenyewe. Doti ya mwaka 1982 ukiiweka ilipanda bei kila mwezi. Doti ya leo ukiiweka miaka kumi, kesho yake kiwanda kitatoa nyingine ya muundo mpya na yako hakuna atakayeinunua kwa bei yoyote ya maana. Pia pamba haikai salama kama dhahabu. Kitambaa kilichokunjwa muda mrefu kinageuka manjano kwenye mkunjo, uzi unachoka pale pale, na ukipitisha cherehani kinachanika mstari mmoja ulionyooka kama kimekatwa kwa rula. Tumewahi kuzifungua doti za namna hiyo mbele ya mwenyewe. Si jambo la kufurahisha.

Tunajua wapo watakaosema huu ni utajiri wa mwanamke na tumuache nao. Tunakubaliana nao nusu. Anayemcheka bibi yake kwa sababu ya sanduku hajui sanduku hilo lilisomesha nani. Ila akiba ni ile ambayo ukiitoa inapokelewa. Bibi alipotoa doti ilipokelewa. Tuulizane: ya kwetu tukiitoa leo, nani anaipokea?

Sanduku likibaki bila mwenyewe

Hapa tunaomba msome taratibu, hasa ambao mama zenu bado wapo, Allah awape umri mrefu wenye kheri.

Mwanamke akifariki, mara nyingi sanduku lake linafunguliwa na dada zake na binti zake, wakati mwingine hata kabla msiba haujatulia. Doti zinagawiwa: hii ya shangazi, hii ya jirani aliyemuuguza, hii tunaitoa sadaka. Inafanywa kwa mapenzi na machozi, na hakuna anayekusudia kudhulumu. Lakini doti mpya zisizokatwa ni mali. Sura An-Nisaa imeweka mafungu ya warithi, na haikuyafunga kwenye nyumba na mashamba peke yake. Kilichoachwa chote kimo, hata kikiwa kidogo. Maana yake mume ana fungu katika zile khanga. Watoto wa kiume wana fungu. Kama kuna mtoto ambaye hajabaleghe, fungu lake haliwezi kutolewa sadaka na mama mdogo hata kwa nia njema. Kabla ya hapo kuna gharama za mazishi, kuna madeni, kuna wasia. Na deni la khanga za mkopo ni deni. Tumeona muuzaji akikaa msibani na daftari lake mkobani, anaona haya kusema.

Dawa yake ipo, nayo ni nyepesi akiwa hai mwenyewe. Anayetaka doti yake fulani iende kwa mjukuu fulani ampe leo kwa mkono wake, akiwa mzima, iwe zawadi iliyokamilika. Akipenda kusubiri, aandike wasia. Wasia hauzidi theluthi ya mali, na hauendi kwa mrithi isipokuwa warithi wengine wameridhia. Hayo ya theluthi yapo katika hadithi mashuhuri ya Saad bin Abi Waqqas, radhi za Allah ziwe juu yake, alipomuuliza Mtume (SAW) akiwa mgonjwa. Kwa mambo ya nyumba yako mahususi nenda kwa sheikh wa mtaa wako, sisi ni washonaji.

Swali jingine tunaloulizwa sana ni la zaka. Wanazuoni wengi wanasema nguo za kuvaa mtu mwenyewe hazina zaka. Khanga ulizonunua kwa nia ya kuuza zina hukumu ya mali ya biashara: zikifika kiwango pamoja na fedha zako na ukapita mwaka, zinahesabiwa kwa bei ya soko. Kwa hiyo mwenye jora na doti kabatini ajiulize alizinunua kwa nia gani. Wengi wakiulizwa hivyo wananyamaza kidogo, kwa sababu hawakununua kuvaa wala kuuza.

Na wewe bi harusi mtarajiwa, begi likifika liandike. Daftari la kawaida linatosha: doti ngapi, nani katoa, ipi ni mahari na ipi ni zawadi, kama mahari yako ina vitu. Mahari ni haki yako kwa jina lake na haichanganywi na zawadi za watu. Kisha katika zile doti chagua za kuvaa mwaka wa kwanza, zote hizo zikatwe wiki ile ile. Chagua za kutoa kwa mashoga na majirani wapya, maana zawadi ya khanga mpya inafungua mlango wa mtaa ambao huujui. Zitakazobaki ziwe chache kiasi cha kuzitaja kwa kichwa bila kufungua kabati. Sare za harusi za watu unaweza kuzikataa kwa adabu. Changia pesa, vaa khanga yako nzuri, nenda.

Kwa wenye doti za zamani, msizilete zikiwa kavu zilivyotoka sandukuni. Ifungueni kwanza, mwiangalie kwenye mwanga wa dirisha, hasa pale penye mkunjo. Ioweke usiku mzima kwenye maji baridi itoe dawa ya kiwandani, uifue kwa mkono, uianike kivulini. Ikivumilia hapo inakatwa. Ikichanika kwenye mkunjo bado inafaa: vipande vizuri vinatoka mito, nguo za mtoto mchanga, ushungi wa kuswalia wa binti mdogo, na mikoba ya madrasa, ambayo kwa sasa tunaishona kwa wingi kuliko kitu chochote. Kisutu kikuukuu msikikate bila kumuuliza mwenyewe.

Walio Singida wanaotaka kukatiwa na kupindiwa kwa ajili ya Idi walete mapema, ikiwezekana Shaabani. Ramadhani ikifika katikati tunafunga daftari.